Kipande Kisichoingia, Usikilazimishe



Mmezoea kunisoma hapa nikisema juu ya malaria, juu ya maji safi, juu ya kofia na viatu vya kazi. Leo nitasema juu ya kitu cha mchezo: ndege ndogo ya plastiki, ile inayouzwa vipande vipande ndani ya kisanduku, nawe unaiunga mwenyewe kwa gundi. Najua wengine watacheka. Watauliza: je, msaidizi wa munganga amekosa kazi? Naomba mnivumilie mpaka mwisho. Kitu hiki kidogo kilinionyesha kosa langu ndani ya nyumba yangu, na kosa hilohilo naliona mara nyingi kwa wafanyakazi wanaokuja kutibiwa.

Maoni yangu ni haya. Kuunga ndege ya plastiki si upuuzi. Ni shule nzuri ya mikono, ya macho na ya subira, kwa baba na kwa mtoto. Lakini ina sharti moja: kipande kisichoingia mahali pake kisilazimishwe, na pengo lake lisifichwe. Anayezoea kulazimisha na kuficha akiwa mezani, atafanya hivyo hata akiwa kazini.

Kisanduku kilivyofika nyumbani

Shemeji yangu ni dereva wa kamyo, anapita njia ya Kasumbalesa. Siku moja alimletea mtoto wetu wa miaka 11 kisanduku kutoka kusini. Juu yake kulikuwa na picha ya ndege iitwayo Fouga Magister.

Vijana hawaijui, lakini wazee wa Katanga wanaijua. Ni ndege ya Wafaransa ya kufundishia marubani, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1952. Ina viti viwili, kimoja mbele na kingine nyuma, na mkia wake ni wa mabawa mawili tu yaliyosimama kama herufi V. Katika mwaka 1961, wakati wa vita vya kujitenga kwa Katanga, tatu zililetwa hapa kwetu. Mwezi wa Septemba mwaka ule ilibaki moja tu inayofanya kazi. Ndiyo iliyowashambulia askari wa Umoja wa Mataifa, pamoja na wale wa Ireland waliozingirwa Jadotville, mji tunaouita leo Likasi.

Baba yangu mkubwa alikuwa mtoto Likasi wakati ule. Alipokiona kisanduku alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Hii tuliisikia kabla ya kuiona. Mama alituingiza chini ya kitanda." Akamrudishia mtoto kisanduku, akaongeza, "Afadhali hii ya kukaa juu ya meza."

Mkumbuke huyu mzee. Alifanya kazi miaka mingi ya ajistere, fundi wa kulinganisha vyuma mpaka viingiane. Tutamrudia.

Kwa nini vipande haviingiani?

Vinyago vya namna hii vina historia ndefu. Katika mwaka 1949, kampuni ya Airfix ya Uingereza ilitengeneza trakta ndogo ya plastiki kwa ajili ya wauzaji wa trakta za Ferguson. Baadaye trakta ile iliuzwa ikiwa vipande ili mnunuzi aiunge mwenyewe. Ndege, meli na magari yakafuata, na leo vinatengenezwa katika nchi nyingi.

Kazi inakwenda hivi. Plastiki inayeyushwa kwa moto, inasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma yenye nusu mbili, inapoa, kisha kalibu inafunguliwa. Wale walio kwenye fonderi wataelewa haraka, maana ni ndugu wa kazi yao. Plastiki ikipoa inasinyaa kidogo. Mahali palipo panene panabonyea. Kipande kikitolewa kingali na moto kinapinda. Na kalibu ikiwa imezeeka, nusu zake hazifungi vizuri tena; plastiki inapenya katikati na kuacha utando mwembamba pembeni ya kipande. Ndiyo maana unaweza kununua kisanduku kizuri chenye picha ya kupendeza, na ndani yake bawa halikutani na mwili.

Chetu kilikuwa hivyo. Nusu mbili za mwili zilipinda kama ndizi. Bawa la kulia liliacha pengo la milimita moja. Ndugu msomaji, usidharau milimita moja. Ndege hii imepunguzwa mara 72. Mabawa ya Fouga ya kweli yanafika karibu mita 12. Ya kwetu yalikuwa kama sentimita 16 na nusu. Basi milimita moja juu ya meza yangu ni milimita 72 juu ya ndege ya kweli, yaani sentimita 7. Nani angepanda ndege ambayo bawa lake limeachana na mwili kwa sentimita 7?

Kosa langu

Jioni ile umeme ulikatika. Tuliwasha mshumaa. Kwa kuwa mimi ndiye ninayewahimiza watu wafunge madirisha mapema kwa ajili ya mbu, nilikuwa nimeyafunga yote. Tukakaa, mimi na mtoto, vichwa viwili juu ya meza moja ndogo, na chupa ya gundi, ile tunayoita kole, iko wazi katikati yetu.

Bawa lilikataa. Nikatia kole zaidi. Likakataa tena. Nikalibana kwa vidole, nikamwambia mtoto abane upande wake, nikatia kole mara ya tatu. Nilikuwa nimekasirika. Nilijiambia kwamba kitu kimetoka mbali, kimelipiwa franga, lazima kiingie.

Sikuona saa zinavyopita. Mtoto akasema, "Papa, kichwa kinaniuma." Nikamjibu, "Bana kwanza, karibu tunamaliza." Baada ya muda kidogo aliinuka, akayumba kama mlevi, akatapika pale mlangoni.

Mama wa nyumba alitoka chumbani. Alinusa hewa mara moja tu. Alizima mshumaa, akafunga chupa, akafungua mlango na madirisha yote, akamtoa mtoto nje na kumkalisha kwenye baraza. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, ambayo ni mbaya kuliko kelele, "Papa, ni wewe unayefundisha watu kule kazini?"

Sikuwa na jibu. Nilisoma shule ya ufundi wa uganga. Najua vizuri kole ya plastiki ni nini. Si ubandiko wa unga na maji. Ndani yake kuna vimiminika vinavyoyeyusha plastiki: butanoni, butili asetati, na katika nyingine tolueni. Vinageuka mvuke upesi. Mvuke huo ukiingia kwa wingi katika mapafu unapita katika damu na kufika kwenye ubongo: kichwa kinauma, macho yanazunguka, tumbo linachafuka. Mvuke huo pia unashika moto kwa urahisi, na mimi niliweka mshumaa karibu nao. Usiku ule tungeweza kuungua sote watatu.

Mtoto alipata nafuu kwa hewa safi tu. Jirani alikuja mbio na maziwa. Nawaambia wazi: maziwa na mafuta ya mawese havitoi mvuke katika mapafu, na mtu aliyelegea anaweza kukabwa navyo. Dawa ya kwanza ni kumtoa nje apate hewa. Akizidi kulegea, akishindwa kuamka au kupumua vizuri, mpeleke hospitali bila kungoja.

Mafundisho ya mzee ajistere

Kesho yake baba mkubwa alipita. Aliitazama ndege. Bawa lilikuwa limeshika, lakini limelegea na kuinama, na plastiki imechuruzika kama mshumaa. Ndiyo tabia ya kole hii: inalainisha uso wa plastiki ili vipande viwili viwe kimoja. Ikitiwa kidogo mahali vinapogusana, inashika sana. Ikitiwa nyingi, inaharibu kipande. Na haijazi pengo.

Mzee aliuliza, "Ulijaribu kavu kwanza?" Nikasema hapana. Akatikisa kichwa.

Alitueleza kwamba katika karakana yao hakuna aliyekaza bulonzi kabla ya kukutanisha vipande vikiwa vikavu. Walipaka rangi ya buluu juu ya uso mmoja, wakaukandamiza juu ya mwenzake, wakautoa na kutazama. Pale rangi ilipohamia ndipo palipogusana, ndipo palipozidi. Pale tu walipapiga tupa, kidogo, wakajaribu tena. Mara 10, mara 20, mpaka rangi iguse kila mahali.

Upande wa pili wa ndege tulifanya hivyo, nje kwenye baraza, mchana, kwa kutumia kalamu ya risasi badala ya rangi. Mtoto alipaka mzizi wa bawa, akaukandamiza, akatazama. Doa jeusi lilikuwa moja, nyuma kabisa, kubwa kama punje ya mtama. Kumbe bawa zima lilikataa kwa sababu ya punje hiyo! Tuliikwangua polepole. Jaribio la 6 bawa likaingia lenyewe. Tone moja la kole likatosha.

Ule mkia wa V ulituchukua Jumapili nzima. Mtoto alikata kipande cha karatasi ngumu chenye pembe sawa na mchoro, tukakiweka katikati ya mabawa mawili mpaka kole ikauka. Hakuna aliyelazimisha kitu.

Pengo nililoliona usoni mwa mtu

Sasa naingia kwenye neno lililonifanya nichukue kalamu.

Si muda mrefu baada ya siku zile, mfanyakazi mmoja alikuja kwangu na kikohozi. Sitasema jina lake wala mahali anapofanya kazi. Alikuwa ametoka kazini wakati uleule, maski yake ya vumbi inaning'inia shingoni. Nilimtazama usoni, nikaona mistari miwili ya vumbi inayoshuka pembeni ya pua mpaka mdomoni. Mistari ile ilikuwa mahali ambapo maski inapaswa kufunika.

Nikamwomba maski. Ilikuwa kubwa kuliko uso wake. Kwa ndani, upande wa pua, alikuwa ameshona kitambaa kilichokunjwa mara nne ili kuziba pengo. Alikuwa ameshona vizuri sana. Alifikiri amefanya ufundi.

Nilimwuliza, "Kwa nini hukuirudisha?" Akajibu, "Munganga, ndiyo waliyonipa. Nikirudi wataniona mtu wa maneno mengi."

Wandugu, pale pale niliona ndege yangu. Nami nilikuwa na kipande kisichoingia, nikaona haya kukiri, nikaziba. Tofauti ni kwamba mimi niliharibu plastiki, yeye anaharibu mapafu.

Sikilizeni vizuri. Hewa inapita mahali penye njia rahisi. Ukivuta pumzi, haitachagua kupenya kichujio ikiwa kando ya pua kuna pengo. Kitambaa hakizuii vumbi jembamba la mawe. Na vumbi linalodhuru kuliko yote si lile unaloliona juu ya nguo. Ni lile dogo lisiloonekana kwa macho, lenye silika, linalofika mwisho wa mapafu na kutia makovu. Ugonjwa huo unaitwa silikosi. Unakuja polepole, kwa miaka. Hakuna dawa inayoondoa makovu yale. Na mwenye silikosi anashikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko mtu mwingine.

Kwa hiyo maski isiyokukaa si maski. Irudishe. Hilo si ubishi na si kukosa heshima kwa shefu. Ni kazi ya fundi mwema anayekataa kipande kibaya kabla ya kukaza bulonzi.

Na ninyi mashefu na watunza ghala, nawaambia kwa heshima: nyuso za watu si za kalibu moja. Kuna mwembamba, kuna mnene, kuna mama zetu wanaofanya kazi pamoja nasi. Ghala lenye kipimo kimoja tu linawafundisha watu kushona vitambaa. Mtu akirudisha maski, msimwulize kwa nini anasumbua. Mwulizeni inamwachia wapi.

Wanaosema ni kupoteza franga

Wako watakaosema: haya yote ni ya maski, kwa nini tununue vinyago vya plastiki? Wana haki kwa sehemu. Kisanduku si chakula, na hapa mjini hakipatikani kila duka. Simwambii mtu anyime nyumba unga kwa ajili ya ndege.

Lakini hamhitaji kisanduku. Watoto wetu wa Katuba, wa Kenya na wa Kamalondo wanaunda magari na ndege kwa nyaya na makopo tangu zamani, bila kununua kitu. Gurudumu lililokatwa vibaya halizunguki. Mtoto analitoa, analinyoosha, analirudisha. Ni shule ileile. Angalieni tu makali ya kopo na nyaya zenye kutu, na mhakikishe watoto wamepata chanjo ya pepopunda.

Wako wengine, mafundi wa vinyago, watakaosema: pengo si kitu, kuna mastiki ya kulijaza, ukisugua na kupaka rangi hakuna atakayeona. Ni kweli, mastiki ina mahali pake; pengo la unywele baada ya kulinganisha vizuri linaweza kujazwa. Mimi ninakataa kuanza na mastiki. Rangi ikikauka mgeni haoni kitu, ni kweli, lakini wewe uliyeunga unajua.

Kumbukeni haya

1. Jaribu vipande vikavu kwanza. Kisichoingia, tafuta doa linalogusa, kwangua hapo tu, jaribu tena.

2. Kole ya plastiki itumike nje au penye madirisha wazi, mchana. Usiku ni wa mbu na wa kulala.

3. Hakuna mshumaa, sigara wala mbabula karibu na kole au rangi. Funga chupa kila unapomaliza tone.

4. Mtoto asikae peke yake na kole. Chupa iwekwe juu, mbali na mikono yake. Anayenusa kole kwa kusudi anajiua polepole. Mkimwona kijana anafanya hivyo, msimpige, mleteni tuzungumze.

5. Kusugua plastiki na mastiki kufanyike kwa maji, msasa ukiwa umelowa. Ni sababu ileile inayofanya tutoboe mwamba kwa maji: vumbi lililolowa haliruki.

6. Kisu kikate kwenda mbele, mbali na vidole. Kisu butu kinateleza kuliko kikali.

7. Ile kole ya kushika mara moja ikigandisha vidole, usivute. Loweka katika maji ya uvuguvugu na sabuni, vitaachana polepole. Usiifute kwa pamba wala kitambaa cha pamba, maana vikikutana vinatoa joto la kuunguza. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi, usifungue kope kwa nguvu, njoo dispansere.

8. Kazini, kila siku kabla ya kuingia penye vumbi: vaa maski, kaza mikanda, ziba vichujio kwa viganja, vuta pumzi. Maski ikinywea usoni, imekaa. Ukisikia hewa kando ya pua, haijakaa. Ndevu zinafungua njia. Anayevaa maski ya namna hii anyoe.

Yule mfanyakazi tulikwenda naye ghalani pamoja, nikiwa nimeshika ile maski mkononi. Alijaribu tatu kabla ya kupata yake. Ilichukua dakika 10. Kikohozi chake tunakifuata bado, na amepigwa picha ya kifua.

Ndege yetu iko juu ya kabati. Ukiitazama kutoka kushoto ni nzuri, mgeni anaisifu. Kutoka kulia bawa limeinama, na alama za vidole vyangu zimebaki ndani ya plastiki. Mtoto alitaka tupake rangi zifichike. Nilimkatalia. Nimeigeuza ili upande ule uelekee mlangoni, na kila asubuhi nikitoka kwenda kazini ndio ninaouona.